Kutana na Padri Soler, mtawa aliyekesha na kinanda

Hebu sema ukweli: jana ulilala saa ngapi? Kama ni saa saba usiku kwa sababu ulikuwa ukimalizia biti kwenye laptopu, ama ulikuwa tu kwenye simu ukipitisha video moja baada ya nyingine, basi kuna jamaa ningependa umjue. Yeye pia alikuwa akilala saa sita ama saa saba usiku. Lakini kufikia saa kumi ama kumi na moja alfajiri alikuwa ameshaamka, amevaa joho lake la kitawa, anaelekea altareni kusoma misa. Hapo ndipo siku yake ilianza. Waliosimulia habari hizi ni watawa wenzake, watu walioishi naye chini ya paa moja na ambao hawakuwa wakiuza tiketi za shoo yake.

Jamaa huyu ni Antonio Soler. Wahispania humwita Padre Soler. Alizaliwa mwaka wa 1729 katika mji wa Olot, eneo la Catalonia, kaskazini mashariki mwa Uhispania, akafa Desemba 20, 1783 akiwa na miaka 54. Katikati hapo aliacha kazi za muziki zinazokaribia 500: misa, zaburi, nyimbo za Krismasi, tamthilia za kuimbwa, na sonata zaidi ya 100 za kinanda ambazo hadi leo zinawatoa jasho wapigaji hodari.

Sikuelezi haya ili nawe ukeshe. Kulala ni muhimu, bana. Kinachoniwasha ni kitu kingine. Huyu ni mtu aliyeweka nadhiri ya kutomiliki chochote. Hakuwa na nyumba, hakuwa na mke, hata karatasi alizoandikia zilikuwa mali ya monasteri. Aliishi ndani ya jengo moja kwa miaka 31. Sasa sikiliza muziki wake wa kinanda: unaruka, unakimbia, unageuka ghafla, unacheza gita, unacheza densi. Kwani vitu hivi vyote vilimfikiaje mule ndani?

Kwanza tuweke tarehe sawa. Ukisikia watu wa muziki wakisema "Baroki", wanazungumzia kipindi cha Ulaya kati ya mwaka wa 1600 na 1750 hivi, zama za Bach, Handel na Vivaldi. Ni muziki wa madoido mengi, wenye besi inayotembea chini bila kuchoka huku sauti za juu zikipambana na kubembelezana. Soler alizaliwa enzi hiyo ikielekea machweo. Kwa hivyo mguu wake mmoja uko kwa kina Bach, mwingine umeshavuka upande wa kina Mozart. Vitabu vingine vinamweka huku, vingine kule, nami sioni haja ya kuwaamulia.

Baba yake alikuwa mwanamuziki wa bendi ya kijeshi. Antonio alipofikisha miaka 6 alipelekwa Montserrat, monasteri iliyojengwa juu ya milima ya mawe karibu na Barcelona, yenye shule ya kwaya ya watoto ambayo ni kati ya zile kongwe zaidi Ulaya na ambayo ingalipo hadi leo. Miaka 6! Umri ambao wengi wetu tulikuwa tukijifunza kufunga kamba za viatu, yeye alikuwa akifunzwa kusoma noti, kuimba na kupiga ogani. Akiwa kijana bado, akapewa kuongoza muziki katika kanisa kuu la Lleida.

Hapo ndipo panasimuliwa kisa ninachokipenda. Mwaka wa 1752 askofu mmoja ambaye zamani alikuwa mkuu wa monasteri ya El Escorial alimuuliza Soler kama anamjua kijana yeyote hodari wa ogani ambaye angependa kwenda kuwa mtawa huko. Soler hakutaja rafiki, hakuomba muda wa kufikiria. Alijibu kwamba anayetaka kwenda ni yeye mwenyewe.

Jumba la mfalme, baridi na kaburi

Ili uelewe alichokuwa akijiingiza, lazima ulione El Escorial kwa macho ya mtu wa wakati ule. Liko karibu kilomita 45 kutoka Madrid, chini ya milima ya Guadarrama, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Mfalme Felipe wa Pili ndiye aliyelijenga, kuanzia 1563 hadi 1584. Ndani ya kuta zake kuna kila kitu: kasri la mfalme, kanisa kubwa, maktaba, shule, monasteri, na chini kabisa makaburi ya wafalme wa Uhispania. Kwa nje ni mawe ya kijivu na safu za madirisha madogo yanayofanana. Wakati wa baridi upepo unashuka kutoka milimani na theluji inaanguka.

Watawa waliokaa humo walikuwa wa shirika la Mtakatifu Yeronimo. Hawa walijulikana kwa jambo moja hasa: kuimba sala. Si kuimba wimbo mmoja kisha waende zao. Saa nyingi kila siku, mchana na usiku, wamesimama kwenye viti vya kwaya wakiimba zaburi. Muziki kwao haukuwa burudani ya wikendi, ulikuwa ajira, na ajira yenyewe haikuwa na likizo.

Soler aliingia mwaka wa 1752, akaweka nadhiri mwaka uliofuata. Kufikia 1757 alikuwa amepandishwa kuwa mkuu wa muziki. Yaani kila sikukuu ilimtegemea: aandike muziki mpya, awafunze wanakwaya, aongoze, apige ogani. Na kwa kuwa alikuwa mtawa kama wengine, hakusamehewa sala. Ukipiga hesabu ya saa za siku utaona ni kwa nini alikuwa akilala saa saba.

Lakini kulikuwa na jambo moja lililofanya El Escorial pasiwe mahali pa kawaida. Kila mwaka, majira ya vuli, mfalme na ikulu yake nzima walihamia huko. Wakaja na wanasiasa, wapishi, farasi, na wanamuziki. Dunia ilikuwa ikimfuata Soler mlangoni.

Na siku moja dunia ikamletea Domenico Scarlatti.

Huyu Mwitaliano alikuwa mwalimu wa muziki wa Malkia María Bárbara wa Uhispania. Alimfunza tangu akiwa binti mfalme kule Ureno, akamfuata alipoolewa Uhispania. Scarlatti aliandika sonata 555 za hapsikodi. Ngoja nieleze hapsikodi ni nini, maana wengi wetu tumeiona kwenye filamu tu. Inafanana na piano, ila ndani yake nyuzi hazigongwi kwa nyundo. Zinadonolewa na vijiti vidogo vya manyoya ya ndege. Kwa hivyo sauti yake ni kavu, kali, inang'ata, karibu na gita kuliko piano. Huwezi kuongeza sauti kwa kubonyeza kwa nguvu. Bonyeza polepole, bonyeza kwa hasira, ni sauti ile ile.

Fikiria basi unatunga kwa chombo kisichokuwa na sauti ya chini wala ya juu. Utaleta msisimko vipi? Scarlatti alipata jibu: kwa kasi, kwa noti moja kurudiwa mara nyingi kama mpiga gita anayekwaruza nyuzi, kwa mkono wa kushoto kuruka juu ya wa kulia na kurudi, na kwa kordi chafu zinazogongana. Soler alijifunza kutoka kwake kabla mzee huyo hajafa mwaka wa 1757. Halafu akaongeza ya kwake.

Kitabu kilichozua vita

Kama umewahi kukaa kanisani ama kwenye kikundi cha sifa, unajua hii: mama mmoja anaanzisha wimbo kwa kii yake mwenyewe, na kijana wa kinanda anahangaika kuitafuta huku watu wameshafika ubeti wa pili. Ama ule ujanja wa mwisho wa wimbo, kii inapanda na kila mtu anainua mikono. Kuhama kutoka kii moja hadi nyingine ni kama kuhama nyumba. Ukihama vizuri, hakuna kikombe kinachovunjika.

Mwaka wa 1762 Soler alichapisha mjini Madrid kitabu kuhusu jambo hilo hilo. Kiliitwa "Llave de la modulación", yaani ufunguo wa kuhamisha kii. Alichodai ni kwamba mtu anaweza kutoka kii yoyote hadi kii nyingine yoyote, hata iliyo mbali kabisa, kwa haraka na bila sikio kushtuka, mradi ajue njia. Akaeleza njia zenyewe, akaweka mifano.

Wee! Walimu wa muziki wa Uhispania waliwaka. Kuna waliomsifu, akiwemo José de Nebra, mmoja wa wanamuziki wakubwa wa ikulu. Lakini mkuu mmoja wa muziki wa kanisa aitwaye Antonio Roel del Río alichapisha kitabu kizima kumpinga. Mwaka wa 1765 Soler naye akachapisha kitabu cha kumjibu. Leo tungekuwa tunafuatilia vita hivyo kwa simu usiku kucha. Wakati ule ulingoja miezi uone jibu limetoka kiwandani.

Mtawa mnyenyekevu hakunyamaza, basi. Hili linanifurahisha. Alikuwa ameacha mali na jina lakini hakuwa tayari kuacha hoja yake ikanyagwe. Alianza hata kuandikiana barua na Padri Giovanni Battista Martini wa Bologna, Italia, msomi wa muziki aliyeheshimika kote Ulaya na ambaye baadaye kijana Mozart alimwendea kwa mafunzo.

Na kama unadhani aliishia kwenye noti, ngoja. Mwaka wa 1771 huko Barcelona kilitoka kitabu chake kingine, hiki ni cha kubadilisha pesa. Kweli kabisa. Catalonia na Castilla zilikuwa na hesabu tofauti za fedha, na Soler akapiga mahesabu ya kulinganisha sarafu za pande mbili. Mtu mwenye nadhiri ya ufukara akawaandikia wafanyabiashara mwongozo wa pesa! Alibuni pia kifaa cha nyuzi cha kuonyesha jinsi hatua moja ya sauti inavyoweza kugawanywa vipande vidogo vidogo. Kichwa chake kilipenda hesabu, na ukimsikiliza kwa makini utasikia hesabu hizo chini ya madoido.

Mwanafunzi wa kifalme

Mfalme Carlos wa Tatu alikuwa na mwana aitwaye Gabriel, aliyezaliwa mwaka wa 1752. Gabriel hakuwa mrithi wa kiti, kwa hivyo alipata nafasi ya kupenda vitu: vitabu, lugha ya Kilatini, muziki. Soler akawa mwalimu wake. Mfalme alimjengea mwanawe nyumba ndogo ya starehe karibu na El Escorial miaka ya mwanzo ya 1770.

Kwa ajili ya kijana huyu Soler aliandika konseti 6 za ogani mbili. Hizi ndizo ningempa mtu anayedhani muziki wa kanisa ni wa kusinzia. Kinanda kimoja kinasema jambo, kingine kinalirudia kwa kejeli, kisha vyote viwili vinalipuka pamoja. Wawili walioketi kila mmoja kwenye ogani yake, wanapiga gumzo bila kutumia neno. Hakuna orkestra. Hakuna mwimbaji. Ukizisikiliza kwa spika mbili, moja kushoto na nyingine kulia, utaelewa mara moja. Mwaka wa 1776 akaongeza kwinteti 6 zinazochanganya kinanda na vyombo vinne vya nyuzi.

Sijui kama kuna mwalimu na mwanafunzi waliowahi kupewa zawadi nzuri kuliko hiyo, kazi isiyoweza kupigwa na mtu mmoja.

Waafrika katika nyimbo za Krismasi

Kuna jambo ambalo msomaji wa huku kwetu hawezi kuliruka. Wakati wa Krismasi na sikukuu nyingine, makanisa ya Uhispania yalikuwa na nyimbo zinazoitwa "villancico". Tofauti na misa iliyokuwa kwa Kilatini, hizi ziliimbwa kwa Kihispania na zilikuwa kama vichekesho vifupi. Wachungaji wanaingia, watu wa mkoa wa Galicia wanaingia na zumari zao, Wajipsi wanaingia, na mara kwa mara Waafrika weusi wanafika Bethlehemu wakicheza na kupiga ngoma. Soler aliandika "villancico" zaidi ya 130, na baadhi zina wahusika hao.

Watu weusi walikuwepo Uhispania kweli kwa karne nyingi, wengi wao watumwa ama wazao wa watumwa waliotolewa Afrika Magharibi na ya Kati. Ila usishangilie mapema. Katika nyimbo za mtindo huo Mwafrika huzungumza Kihispania cha kuvunjikavunjika ili watu wapate kucheka. Mdundo wake unapendwa, mwenyewe anachekwa. Hata mimi mdundo hunishika kichwa kikaanza kutikisika, halafu nakumbuka waliokuwa wakichekwa, na kichwa kinatulia. Sioni ni kwa nini tulifiche hilo eti kwa kuwa mtunzi alikuwa mtawa mwema aliyeamka alfajiri.

Kordi mbili tu

Sasa tufike kwenye ile kazi iliyolibeba jina lake hadi kwa watu wasiojua hata El Escorial iko wapi. Inaitwa Fandango.

Fandango ilikuwa densi. Kamusi kubwa ya Kihispania iliyochapishwa mwaka wa 1732 ilisema densi hiyo ililetwa na watu waliokuwa wameishi "Indias", yaani makoloni ya Uhispania kule Amerika. Kwa hivyo ilivuka bahari kabla ya kushika Madrid. Mwanamume na mwanamke wanakaribiana, wanazungukana, wanakaribiana tena, bila kugusana. Casanova, yule Mwitaliano ambaye jina lake limekuwa sawa na kutongoza, alifika Madrid miaka ya 1760 na akaandika jinsi alivyopigwa na butwaa kuiona ikichezwa. Ikiwa hata Casanova alishangaa, wewe jaza mwenyewe.

Mozart aliingiza fandango katika opera yake ya Figaro mwaka wa 1786. Lakini ni chache zinazofika ile yenye jina la Soler.

Kama unatengeneza biti utaielewa kuliko maprofesa wengi. Mkono wa kushoto una kordi mbili. Mbili tu: ya kwanza ya huzuni, D maina, halafu A, halafu tena D, halafu tena A. Ni lupu. Inazunguka hivyo kwa dakika 10 hadi 12, zaidi ya vipimo 400, karibu bila kwenda popote. Juu yake mkono wa kulia unafanya kila kitu ambacho mkono unaweza kufanya kwenye hapsikodi: unanong'ona, unapanda ngazi, unakwaruza kama gita, unajikwaa makusudi, unapiga kelele. Kila ukidhani ameishiwa na maneno, anatoa jingine. Lupu haibadiliki, wewe ndiye unayebadilika. Dakika ya kwanza unatabasamu, dakika ya sita umeanza kutapatapa kidogo, dakika ya kumi hutaki iishe.

Nilisema mwanzoni kwamba swali langu ni jinsi mtu aliyejifungia alivyopata muziki usiofungika. Nadhani Fandango ndiyo inayojibu vizuri zaidi. Kordi mbili ni ukuta. Ratiba ya sala ni ukuta. Mtu aliyezoea kuimba zaburi zile zile, kwa saa zile zile, mwaka baada ya mwaka, anajifunza kusikia tofauti ndogo ambazo sisi wenye nyimbo milioni kwenye simu tunazipita.

Lakini hapa lazima nikutahadharishe, maana mtandao haukuambii: wataalamu wengine hawaamini kwamba ni Soler aliyeiandika. Hakuna karatasi ya Fandango yenye mwandiko wake mwenyewe. Zilizopo ni nakala zilizoandikwa na watu wengine zikiwa na jina lake. Na inaishia vibaya, ama niseme inaishia ajabu. Badala ya kurudi nyumbani kwenye kordi ya D, inakoma kwenye A, kama mtu aliyekatiza sentensi katikati akatoka chumbani. Wapo wanaosema nakala haikukamilika. Wapo wanaosema ndivyo densi hiyo ilivyo, inazunguka mpaka wachezaji wachoke. Mimi ninaamini ni yake, kwa sababu ule ukaidi wa kukamua kordi mbili mpaka tone la mwisho nausikia pia katika sonata ambazo hakuna anayezitilia shaka. Ila hiyo ni imani yangu, si ushahidi wa mahakamani.

Karatasi zilienda wapi?

Tatizo la karatasi si la Fandango peke yake. Februari 14, 1772, tajiri kijana kutoka Uingereza aitwaye Richard Fitzwilliam, mwenye miaka 26, alifika El Escorial katika safari zake za Ulaya. Soler akampa sonata 27. Fitzwilliam akaenda nazo kwao, na miaka ya 1790 zikachapishwa London, zaidi ya miaka 10 baada ya mtawa kuzikwa. Huyu ndiye Fitzwilliam ambaye mali yake ilianzisha jumba la makumbusho lenye jina lake kule Cambridge.

Hebu fikiria asingepita siku ile. Mwanzoni mwa karne iliyofuata majeshi ya Napoleon yaliingia Uhispania, na yaliichoma Montserrat, ile monasteri aliyokulia Soler. Miaka ya 1830 serikali ya Uhispania ikafunga monasteri na kutwaa mali zake, na watawa wa Mtakatifu Yeronimo wakaondoka El Escorial walikokuwa tangu enzi za mfalme aliyelijenga. Vitabu vya kwaya vilibaki kwa wingi kwenye hifadhi ya pale. Lakini sonata za kinanda, zile za mwandiko wake, zilitoweka. Tunazozipiga leo tunazijua karibu zote kupitia nakala: mwanafunzi alinakili, rafiki akanakili, mgeni akabeba.

Aliyezikusanya upya katika karne ya 20 ni mtawa mwingine, Samuel Rubio, wa shirika la Mtakatifu Agostino ambalo ndilo linalokaa El Escorial tangu 1885. Alizunguka kwenye hifadhi, akalinganisha nakala, akachapisha sonata 120, na akazipa namba. Ndiyo maana ukitafuta Soler mtandaoni utaona herufi R ikifuatwa na namba. Hiyo R ni ya Rubio.

Ukitaka kuanza, anza na Sonata R. 84. Ni fupi, ya mbio, na itakufanya ucheke. Itafute mara mbili, kwa piano na kwa hapsikodi, uone jinsi chombo kinavyobadilisha tabia ya wimbo. Alicia de Larrocha, mpiga piano kutoka Barcelona aliyekuwa na mikono midogo mno na bado akawashinda wengi, alirekodi sonata kadhaa za Soler na ni mwalimu mzuri wa kukuongoza. Halafu konseti ya 3 ya ogani mbili. Fandango iache mwisho, isikilize kwa hapsikodi, ya Rafael Puyana ama ya Scott Ross, na usiikate katikati kuangalia meseji.

Na kama wewe ni mpiga kinanda, noti zake zinapatikana bure mtandaoni kwa sababu hakimiliki iliisha zamani sana. Kordi za mkono wa kushoto wa Fandango utazijua kwa jioni moja. Mkono wa kulia utafutie likizo.